Mkaa wa dawa kwa mgonjwa aliyekula sumu: unga, uji wa chupa au vidonge?

Jina lenyewe linaleta matatizo kabla kopo halijafunguliwa. Mtu akisikia "mkaa" anafikiria jiko, na wapo wanaosaga kipande cha mkaa wa kupikia, wakakoroga na maji, wakamnywesha mtu aliyekula sumu huku dakika zinakwenda. Mkaa wa dawa, ambao wengine huuita mkaa amilifu, hutengenezwa kwa mbao, vifuu vya nazi au malighafi nyingine yenye kaboni. Hiyo huchomwa bila hewa ya kutosha, kisha hupitishwa mvuke wa moto mkali sana au kemikali mpaka ndani yake panafumuka vitundu visivyohesabika. Gramu moja tu huwa na eneo la ndani la takriban mita za mraba 1,000. Mkaa wa jikoni haujapitia hatua hiyo ya pili. Hauna vitundu vya kutosha, na kumpa mgonjwa ni kumcheleweshea safari ya hospitali. Mkate uliounguzwa ni hivyo hivyo.

Bidhaa tunayoipima hapa ni ya wodi ya dharura, na huuzwa kwa sura tatu kuu: unga mkavu wa kopo, uji uliokorogwa tayari kwenye chupa, na vidonge. Zote ni mkaa uleule, ila mbele ya mgonjwa zinatofautiana sana. Kabla ya kuchagua lazima ujue ni wagonjwa gani wanaingia mlangoni kwako, kwa sababu mkaa unafanya kazi moja tu: sumu iliyo bado tumboni inanata juu yake na kutoka nayo chooni bila kuingia kwenye damu. Iliyokwisha kuingia kwenye damu, kwa sehemu kubwa, haiufikii.

Mafungu ya wagonjwa wa sumu ya ghafla yanajirudia. Kuna watoto wadogo, hasa wa mwaka 1 hadi 5. Hawa hunywa kitu kimoja, kwa bahati mbaya, mara nyingi fundo moja au mawili kutoka kwenye chupa ya soda iliyowekewa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia, au humeza vidonge vya mtu mzima vilivyoachwa mezani. Mara nyingi huletwa mapema kwa sababu mzazi ameona. Kuna vijana na watu wazima waliokula sumu kwa kukusudia: dawa za hospitali, viuatilifu vya shambani, mara nyingi zaidi ya kitu kimoja, mara nyingi na pombe. Hao huchelewa, kwa kuwa wamejificha au hawataki kusema. Kuna wazee ambao dozi ya dawa yao ya kila siku imejirundika mwilini taratibu. Na kuna waliokunywa pombe yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu, ambao hufika kwa makundi, wengine wakilalamika kwamba hawaoni vizuri.

Sasa linganisha mafungu hayo na orodha ya vitu visivyonata kwenye mkaa: madini ya chuma, lithiamu, potasiamu, pombe za aina zote ikiwemo methanoli, asidi na magadi makali, petroli na mafuta ya taa. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, mkaa haumfai kabisa. Hatari yake iko mapafuni, siyo tumboni, na kitu chochote kitakachomtapisha kinaongeza uwezekano wa kupaliwa. Huyo anahitaji kuvuliwa nguo zilizolowa, kupimwa oksijeni na kasi ya pumzi, na kuangaliwa kwa saa 6 au zaidi. Aliyekunywa asidi ya betri au soda kali ya kutengenezea sabuni haumfai pia, na zaidi ya hapo mkaa unapaka koo na tumbo rangi nyeusi, daktari akiingiza kamera kutazama majeraha haoni kitu. Wa methanoli vilevile. Kwa hiyo kati ya foleni nzima, mkaa ni wa kipande cha wagonjwa: walio macho, waliofika mapema, waliomeza dawa au kemikali inayonata. Kipande hicho kinatosha kuufanya ustahili nafasi kwenye rafu. Hakitoshi kuufanya uwe kitu cha kwanza kukimbiliwa.

Mapema ni lini? Vyama vya wataalamu wa sumu vya Marekani na Ulaya vilitoa tamko la pamoja mwaka 1997 na kulirudia mwaka 2005: dozi moja isitolewe kwa mazoea, ifikiriwe pale mgonjwa alipomeza kiasi cha hatari na saa 1 haijapita. Baada ya hapo faida inashuka, japo haifi ghafla. Vidonge vinavyoyeyuka polepole, au dawa zinazochelewesha tumbo kusukuma chakula, huacha nafasi ndefu zaidi. Utafiti mkubwa uliofanyika Sri Lanka na kuchapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa zaidi ya 4,600, uligawa watu makundi matatu: wasiopewa mkaa, waliopewa dozi moja, na waliopewa dozi sita, moja kila saa 4. Vifo havikutofautiana kwa maana yoyote. Wengi wao walikuwa wamekula viuatilifu au mbegu za mmea wenye sumu ya moyo, na wengi walifika saa kadhaa baadaye. Mwenye wodi inayopokea wagonjwa wa namna hiyo asitegemee kopo jeusi limsaidie kuliko lilivyowasaidia wale.

Haya, tuje kwenye sura zenyewe.

Unga mkavu ndio unaodumu zaidi na ndio unaotesa zaidi. Ni mwepesi, unapeperuka ukifunguliwa mbele ya feni, unaganda kwenye vidole na mashuka. Tatizo lake kubwa ni kipimo. Kijiko cha unga uliotifuliwa na kijiko cha unga ulioshindiliwa havina uzito sawa, na saa ya dharura hakuna anayetafuta mizani. Ukinunua unga, famasi iupime mapema kwenye vifuko vya gramu 25 na 50, viandikwe uzito, vifungwe visiingize hewa. Mkaa ulioachwa wazi unaanza kunyonya unyevu na harufu za chumba, yaani unajaza vitundu vyake kabla hujampa mgonjwa.

Kuukoroga kuna namna yake. Usimimine maji yote juu ya unga. Utapata madonge yanayoelea, makavu ndani. Weka gramu 50 kwenye chupa pana yenye kifuniko, tia maji kidogo, kama mililita 100, koroga mpaka iwe kama uji mzito, kisha ongeza mpaka mililita 400. Funga, tikisa kwa nguvu dakika nzima. Ukipunguza maji sana unapata tope lisilopita kwenye mpira wa puani, ule unaopitishwa puani mpaka tumboni. Ukiongeza sana mgonjwa anashindwa kumaliza, au anajaa na kutapika.

Uji wa chupa uliokorogwa tayari ndio tunaoupendekeza kwa wodi yenye uwezo wa kuununua. Vipimo vya kawaida ni gramu 25 ndani ya mililita 120, na gramu 50 ndani ya mililita 240. Hesabu inakuwa nyepesi: kila gramu ni karibu mililita 5. Mtoto wa kilo 14, kwa gramu 1 kwa kila kilo, anapata gramu 14, yaani mililita 67 hivi. Mtu mzima kwa kawaida anapata gramu 50. Kasoro yake ni kwamba mkaa unatuama chini. Chupa iliyokaa miezi kwenye kabati ina maji meusi juu na tope gumu chini, na muuguzi aliyetikisa mara mbili tatu tu amempa mgonjwa maji ya rangi. Itikise mpaka usikie hakuna kinachogonga chini, mpe, kisha tia maji kidogo kwenye chupa, tikisa tena, mpe na hayo. Kinachobaki kimeganda kwenye kuta ni sehemu ya dozi.

Soma lebo kwa makini, maana chupa hizi hutengenezwa za namna mbili zinazofanana sana: ya maji matupu, na ya sorbitoli, sukari inayoharisha. Ya sorbitoli ni tamu zaidi na inakwenda chooni haraka, lakini hakuna ushahidi kwamba inaokoa mgonjwa kuliko ya maji. Dozi ikirudiwa inaharisha mpaka maji na chumvi za mwili zinavurugika, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi. Kama bajeti inaruhusu aina moja tu, nunua ya maji. Ukinunua zote mbili zitachanganywa usiku.

Vidonge havina kazi wodini. Kidonge cha kawaida cha tumbo lililojaa gesi kina miligramu 250. Ili ufikishe gramu 50 unahitaji vidonge 200. Umbo lake lililoshindiliwa nalo linachelewesha mkaa kukutana na sumu. Vinavyouzwa kwa ajili ya kusafisha mwili, na vyakula vilivyotiwa rangi nyeusi kwa mkaa, viwekwe kando kabisa.

Kumpa mgonjwa ndipo mambo mengi yanapoharibika. Swali la kwanza linahusu fahamu: anaongea sawasawa? Anameza mate yake? Anakohoa kwa nguvu? Lolote kati ya haya likikosekana, hapewi mkaa kwa mdomo wala kwa mpira mpaka njia ya hewa imelindwa kwa bomba la kooni. Na bomba hilo haliwekwi kwa ajili ya mkaa. Linawekwa kama mgonjwa analihitaji kwa sababu zake mwenyewe. Angalia pia anakoelekea. Aliyemeza dawa inayoleta degedege au usingizi mzito anaweza kuwa anazungumza sasa hivi na baada ya dakika 20 hana fahamu, tumbo likiwa limejaa nusu lita ya tope jeusi. Mkaa uliotapikwa ukaingia mapafuni ni janga, tena janga lililoletwa na tiba.

Aliye macho akae wima, au mgongo uinuliwe angalau nyuzi 45. Mtilie kwenye kikombe chenye kifuniko na mrija, kisichoonyesha ndani. Wengi wanakataa kwa macho kabla ya ulimi. Chembechembe zake ni kama mchanga laini mdomoni, ladha yenyewe ni hafifu. Mtoto anaweza kuongezewa juisi kidogo. Maziwa na aiskrimu vinapunguza kidogo uwezo wa mkaa, ingawa mtoto aliyemaliza dozi yenye juisi yuko pazuri kuliko aliyetema yote. Anywe taratibu ndani ya dakika 10 hadi 20. Akianza kichefuchefu simama, mpe dawa ya kuzuia kutapika, endelea polepole. Usimshike mtu kwa nguvu ukammiminia. Yaonekane yalivyo: kuna mahali ambapo mpira wa tumbo na mkaa vimegeuzwa adhabu kwa mtu aliyejaribu kujiua, na mgonjwa aliyeadhibiwa hasemi alikula nini wala lini, habari mbili ambazo tiba yote inazitegemea.

Ukipitisha kwa mpira wa puani, thibitisha mwisho wake uko tumboni kwa kupima asidi ya majimaji yanayotoka, au kwa eksirei. Kusukuma hewa na kusikiliza tumbo hakutoshi. Mkaa umewahi kumiminwa mapafuni kwa njia hiyo. Mpira mwembamba unaziba, kwa mtu mzima tumia saizi 16 au zaidi. Ukimaliza, suuza mpira kwa mililita 20 hadi 30 za maji. Vaa glovu na aproni, na kinga macho ya mgonjwa pia, kwani mkaa ukiingia jichoni unakwaruza.

Kurudia dozi kuna faida kwa sumu chache: karbamazepini, fenobabitoni, dapsoni, kwinini na theofilini. Hizi hurudi utumboni kutoka kwenye damu, na mkaa uliopo unazinasa zikipita. Dozi ya kurudia ni gramu 50 kila saa 4, au 25 kila saa 2 kwa anayetapika. Kabla ya kila dozi sikiliza tumbo. Utumbo ukinyamaza au tumbo likivimba, acha, maana mkaa unaweza kuganda ukawa kizibo.

Na mpira mkubwa wa kuoshea tumbo? Haustahili kutumika kwa mazoea. Unaweza kusukuma sumu mbele kwenye utumbo, kutoboa koo, kumpaliza mgonjwa. Dawa ya kutapisha imeachwa. Madaktari wa watoto wa Marekani walishasema mwaka 2003 isiwekwe hata nyumbani. Maji ya chumvi ya kutapisha ni hatari yenyewe, kwani chumvi nyingi inapanda kwenye damu na kuumiza ubongo. Hapo hakuna la kujadili.

Mkaa unapaswa kupimwa pamoja na majirani zake wa rafu, maana pesa ni moja. Wodi inayopokea wagonjwa wa viuatilifu inahitaji atropini, dawa ya sindano inayopinga sumu hiyo, kwa wingi kuliko inavyohitaji mkaa. Mgonjwa wa viuatilifu vya kundi la oganofosfeti anafika akitokwa mate, jasho na machozi, mboni zimekuwa ncha ya sindano, kifua kimejaa maji. Anauawa na kifua hicho. Avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji na wahudumu waliovaa glovu, apewe oksijeni, kamasi zifyonzwe. Atropini inaanza miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, inaongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka kifua kimekuwa safi, mapigo ya moyo yamezidi 80, presha ya juu imezidi 80 na kwapa zimekauka. Piga hesabu: 2, 4, 8, 16, jumla miligramu 30 ndani ya robo saa. Ukiwa na ampuli za miligramu 0.6 hizo ni ampuli 50. Kisha dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa, yaani miligramu 3 hadi 6. Sanduku moja la ampuli 10 linaisha kabla daktari hajamaliza kuandika faili. Mapigo kwenda mbio peke yake si sababu ya kuiacha, sumu yenyewe huweza kuyakimbiza. Homa, kuweweseka, tumbo kunyamaza na mkojo kuziba, vikija pamoja, ndivyo vinavyosema imezidi.

Asetilisisteini ndiyo jirani wa pili, kwa aliyemeza parasetamoli nyingi. Hapa mkaa unasaidia kweli ukiwahi saa 1 hadi 2, lakini dawa inayolinda ini ni hiyo nyingine. Ikianza ndani ya saa 8 inalinda karibu kabisa. Kwa mshipa ni miligramu 150 kwa kilo ndani ya saa 1, kisha 50 kwa saa 4, kisha 100 kwa saa 16. Mgonjwa wa kilo 60 anatumia gramu 18, sawa na ampuli 9 za gramu 2. Ile dripu ya kwanza ndiyo inayoleta vipele na kubanwa kifua: isimamishwe, atibiwe mzio, irudishwe taratibu. Kiwango cha dawa kwenye damu kipimwe saa 4 tangu kumeza, siyo kabla. Pasipo maabara, historia ya kiasi alichomeza ndiyo inayoamua. Mgonjwa wa parasetamoli siku ya kwanza anaonekana mzima, anaomba chakula, na ndugu wanaomba kumchukua. Asiondoke.

Uamuzi wetu, basi, ni huu: kwa wodi yoyote inayopokea wagonjwa wa sumu, mkaa wa dawa ununuliwe, uji wa maji usio na sorbitoli, chupa za gramu 50 na chache za 25 kwa watoto. Pasipowezekana, unga uliopimwa kwenye vifuko. Uwekwe baada ya mashine ya kufyonza, oksijeni, atropini na asetilisisteini kutosha, siyo badala yake. Kwa nyumbani hatuupendekezi. Anayeuweka nyumbani atapoteza muda wa kuukoroga wakati angekuwa njiani, na hana namna ya kujua kama sumu inanata au la. Abebe chupa au pakiti ya kilichonywewa, hata ikiwa tupu. Hiyo ina thamani kuliko kikombe cheusi.

Kwenye faili iandikwe saa aliyokula sumu, saa aliyopewa mkaa, kiasi, na kama alitapika na baada ya dakika ngapi. Aambiwe choo kitakuwa cheusi siku moja au mbili, asidhani ni damu. Vidonge vyake vya kila siku, vikiwemo vya uzazi wa mpango, huenda vilinaswa na mkaa, kwa hiyo ashauriwe namna ya kuvifidia. Aliyekusudia kujidhuru asiruhusiwe kabla hajakaa na mtu wa afya ya akili, pasipo haraka na pasipo ndugu kumsemea, na nyumbani dawa na viuatilifu viwe vimefungiwa kabla hajarudi.